Munyu wa Michungwa

Kabla ya mengine yote, andika kwamba michungwa ilikuwa kumi na miwili na kwamba mmoja niliuua mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu. Sitaki mtu asome hadi mwisho ndipo aligundue jambo hilo na kusema kwamba mzee alikuwa akilificha. Niliuua kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe nilikuwa nimelijua tangu nikinyonya.

Michungwa hiyo ilikuwa katika ukanda wa chini wa shamba letu, upande huu wa Mbumbuni, pale mteremko unapokaribia mkondo unaotiririka wakati wa mvua tu. Marehemu babu yako, mume wangu, aliileta ikiwa miche. Wakati ule alikuwa kibarua wa kumwagilia maji katika shamba la miche, na siku alipoacha kazi hiyo alipewa miche kumi na miwili iliyokuwa imebaki. Aliifunga mizizi kwa majani mabichi ya mgomba, akaitia katika gunia, akatembea nayo siku mbili. Aliipanda kwa safu mbili, sita kwa sita, akipima kwa kamba yenye mafundo. Mtu akicheka kwamba anapima shamba kama mzungu, alimjibu kwamba mti hauhami ukishagundua kuwa umebanwa. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua kabla mti hata mmoja haujazaa.

Kwa desturi ya kwetu, aliyepanda miti ameweka alama. Shamba la mahindi hugeuka kila msimu, na mwenye jembe la kwanza ndiye mwenye kulima. Lakini penye mti wa matunda, kila mtu anajua ni pa nani. Ukanda ule ndio pekee uliohifadhi unyevu baada ya mvua kwisha. Michungwa ingesimama, wanangu wangekuwa na mahali karibu na maji. Ingekatwa, ukanda ungerudi kwa ukoo, na kurudi kwa ukoo maana yake ilikuwa kurudi kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa msimamizi wa boma.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Liandike hilo, kwa maana wajukuu zake ni ndugu zako. Alikuwa na watoto tisa na shamba la juu lililojaa changarawe. Kila mwaka aliiona michungwa yangu ikinywa unyevu wote wa bonde na kudondosha matunda madogo kama ndimu, yenye ganda jembamba, mengine yakianguka yangali ya kijani. Siku moja, katikati ya miaka ya sabini, alishuka bondeni, akaokota chungwa moja lililokuwa chini, akalikamua kwa vidole viwili. Lilitoa tone.

"Shemeji," akasema, "hii miti inakula, lakini haifanyi kazi."

"Bado michanga."

"Mtoto wa umri huu tayari anachunga mbuzi." Akalitupa lile chungwa. "Nakupa mvua nne. Mvua ya nne ikipita na bado inazaa ndimu, nitaikata nipande mahindi. Marehemu angekuwa hai, ningemwambia hivyo hivyo."

"Nimesikia," nikamjibu.

Sisi tuna mvua mbili kwa mwaka, kwa hiyo mvua nne ni miaka miwili. Kwa mtu, huo ni muda mrefu. Kwa mti, hata hauanzi kukusikia.

Kufikia wakati huo nilikuwa nimejaribu mbolea ya duka. Marehemu alikuwa ameacha nusu gunia, ile ya kukuzia mahindi, nami nikaimaliza kwenye michungwa. Majani yalinenepa na kuwa meusi kwa ukijani, wapita njia wakasifu, na matunda yakazidi kuanguka. Baadaye ncha na kingo za majani yale ya zamani zikaanza kugeuka rangi ya shaba na kujikunja, kama karatasi iliyowekwa karibu na moto.

Mwaka ule ule kanisa letu lililetewa mwalimu wa kilimo. Alikuwa kijana mpole aliyezaliwa nchi ya chai na kahawa, upande wa Murang'a, na viatu vyake vilikuwa safi kupita kiasi. Alitumwa kutufundisha kulima bila kutegemea duka: mboji, matandazo, makinga maji. Tulikutana naye kila Alhamisi, sisi akina mama. Yeye alisema kwa Kiswahili, na shemasi wetu akatafsiri kwa Kikamba, kwa kuwa wengi wetu Kiswahili tulikijua cha sokoni tu, na mimi hata hicho nilikuwa nikikisema nusu nusu. Nilijifunza baadaye, kwa kusikiliza Biblia ikisomwa. Kusoma mwenyewe sijui hadi leo.

Alhamisi moja alituagiza kila mmoja alete jani la mmea wake mgonjwa. Nikaleta la mchungwa. Aliligeuza, akaupapasa ukingo wake ulioungua, akasema:

"Mti huu hauna njaa ya kumea. Huko umelishwa sana. Una njaa ya chakula cha tatu, kile cha tunda."

"Chakula gani hicho?" nikauliza kupitia kwa shemasi.

"Kinaitwa potashi."

Mama mmoja mnene, jirani yangu, ambaye hakuna mkutano uliokwisha bila yeye kuuchekesha, akasema, "Mambo yamekwisha. Jina lenyewe limevaa soksi. Tutalipata wapi huku?"

Mwalimu alipotafsiriwa maneno hayo alicheka pia. "Ipo hapa hapa," akasema. "Potashi ni chumvi. Kuna chumvi ya majivu na kuna chumvi ya mawe. Ya majivu huingia upesi, ya mawe huingia polepole. Tafuteni hizo."

Shemasi akatafsiri: munyu. Munyu wa majivu na munyu wa mawe.

Hakukosea. Watu walimlaumu baadaye, nami nikamtetea, kwa sababu lugha yetu haina neno jingine. Chumvi ya mezani ni munyu. Udongo mweupe ambao mbuzi huulamba kandokando ya mto ni munyu. Mbolea ya duka, kwa kuwa ni nyeupe na huyeyuka, wengi waliiita munyu. Na magadi, yale mabonge magumu tunayotia katika isyo ili mahindi na maharagwe yaive pamoja upesi, nayo ni munyu. Mtu akisema munyu, unamtazama mkononi ujue ameshika nini. Siku ile shemasi mikono yake ilikuwa mitupu.

Nilianza na majivu, kwa kuwa majivu hayakuhitaji safari. Nyuma ya jiko langu kulikuwa na lundo la majivu tangu siku niliyoolewa, lililonifika kiunoni. Nilibeba karai kwa karai, nikaizungushia michungwa yote kumi na miwili, nikafukia kwa jembe. Kazi hiyo ilinichukua siku nne, na mgongo ulinikumbusha kila jioni. Mvua ya kwanza ikanyesha ikaisha. Majani yakaendelea kuungua kingo. Matunda yakaanguka kama kawaida yake.

Nikajiambia: majivu si hiyo potashi, au kama ni yenyewe, ni dhaifu. Imebaki ya mawe.

Sasa fikiri kama nilivyofikiri mimi. Munyu gani hutoka kwenye mawe? Munyu gani huuzwa ukiwa bonge gumu kama jiwe, hata hulazimu kuuvunja kwa nyundo? Sikuhitaji kumwuliza mtu. Kila jiko katika Ukambani lilikuwa na jibu katika kibuyu kidogo karibu na mafiga.

Nilikwenda hadi Malili, kwenye barabara kuu ya Mombasa, kwa kuwa huko mfanyabiashara aliuza magadi kwa gunia na hakupunja. Nikanunua karai zima. Alinitazama, akatazama karai.

"Mama, unawapikia isyo wanajeshi?"

"Nipimie," nikamwambia.

"Nakupimia. Lakini wakiharisha, usiseme ulinunua kwangu."

Nilirudi nayo kichwani kutoka pale lori liliponishusha. Nikayasaga juu ya jiwe la kusagia mpaka yakawa unga, na vumbi lake likaniwasha macho siku nzima. Hilo peke yake lingenitosha kuwa onyo. Nilianzia mchungwa wa kwanza wa safu ya juu, ulio karibu na nyumba, ule ambao marehemu aliupanda kabla ya mingine. Nikanyunyiza unga wote kuuzunguka na kumwagia maji. Watu husema nilikuwa na hekima kujaribu kwa mti mmoja. Haikuwa hekima. Magadi yaliishia hapo.

Wiki ya pili ardhi chini ya mti ikafanya ukoko mweupe, mgumu, maji yakawa yanateleza juu yake. Wiki ya tatu majani yakaungua, na safari hii jani zima, la zamani na la jana. Kisha yakaanza kuanguka, hata pasipo upepo. Niliukwangua ule ukoko kwa jembe, nikamwaga maji debe baada ya debe kutoka kwenye mkondo, lakini mti ulikuwa umekwisha kunywa.

Shemeji alishuka bondeni akasimama karibu na mti. Jirani yangu mnene alikuwepo, na ndiye aliyempa habari zote.

"Magadi?" akauliza shemeji.

"Magadi," akasema jirani. "Karai zima."

Shemeji akaupapasa mti kwenye shina. "Basi umefanya vyema, shemeji. Umeupika ukalainika. Sitahitaji shoka, nitakuja na kijiko."

Walicheka wote wawili. Mimi nikaendelea kukwangua ukoko. Mvua ya pili ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimetumia nusu ya muda wangu, na nilichokuwa nacho ni mti mmoja unaokufa na kumi na mmoja yenye njaa ile ile.

Wakati wa kiangazi kilichofuata, ndugu yangu aliniletea ujumbe kutoka Migwani kwamba mama yetu amevimba mguu. Migwani ndiko nilikozaliwa, ng'ambo ile, huko Kitui. Nilikwenda kumwona mama. Sikwenda kuuliza habari za miti, na hilo nalisema wazi, maana baadaye nilijisifu mbele ya watu kwamba nilikwenda kutafuta ushauri. Kwa kweli niliona aibu kumwambia.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda jikoni, mguu mmoja ameunyoosha juu ya gogo, akiongoza nyumba nzima kutokea hapo kwa kidole. Nikamsalimu kwa Kikamba, nikimwita mama, "Wakya, mwaitu."

"Aa," akajibu. "Umekonda. Umekuja kunitazama au umekuja kulishwa?"

"Nimekuja kukutazama."

"Basi ukishanitazama, mimina maji katika kile chungu. Isyo inangoja."

Kwenye pembe ya jiko palikuwa na chungu kimoja kilichowekwa juu ya kingine. Cha juu kilikuwa na matundu madogo kwenye kitako, ndani kimetandikwa nyasi, na juu ya nyasi majivu meupe laini. Nilikuwa nimekiona chungu hicho maisha yangu yote ya usichana, kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kukiona. Nikamimina maji. Baada ya muda matone yakaanza kudondoka katika chungu cha chini, yenye rangi ya chai ya rangi.

"Mwaitu," nikamwambia, "siku hizi watu hununua magadi. Mbona bado unajisumbua?"

"Magadi yananiumiza tumbo. Na ule ni munyu wa ziwani. Huu wangu ni wa shambani."

Nilikuwa nimeshika kata. Nikaishusha.

"Kuna tofauti?"

"Umekula huu miaka yako yote mpaka ukaolewa, unaniuliza kama kuna tofauti?"

Hapo ndipo nilipomweleza. Nilimweleza yote: mvua nne, jani, mwalimu, shemasi, karai la Malili. Alisikiliza huku akichagua mawe katika maharagwe, na hakuacha kuchagua hata mara moja.

"Umeunywesha mti wa mume wako magadi," akasema nilipomaliza.

"Ndiyo."

"Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Mtafsiri alisema munyu."

"Mtafsiri ana mama yake. Wewe una wako, na alikuwa hajafa."

Kisha, kwa kujitetea, nikasema, "Nilianza na majivu, mwaitu. Karai nyingi. Hayakufanya kitu."

"Uliyatoa wapi?"

"Nyuma ya jiko. Kwenye lundo."

"Lundo lina paa?"

Sikumwelewa. Aliona sijaelewa, akaninyooshea kidole kile cha kuongozea nyumba. "Chovya kidole katika maji yaliyotoka. Lamba."

Nikalamba. Yaliuma ulimi, makali na yenye kuteleza, ladha ya utotoni mwangu.

"Yamwage katika isyo. Sasa mimina maji mengine juu ya majivu yale yale."

Nikamimina, tukangoja. Yaliyotoka yalikuwa meupe kidogo. Nikalamba: yaliuma, lakini kwa mbali. Akaniambia nimimine tena, na tena. Mara ya nne yalikuwa maji ya mtoni tu.

"Majivu yamebadilika?" akauliza mama.

Nikatazama. Yalikuwa yale yale, meupe, yamejaa chungu vile vile.

"Hayajabadilika."

"Ukimpa mtu majivu hayo sasa, atasema umempa majivu. Lakini munyu umekwenda na maji. Lundo lako lina umri gani?"

"Tangu niolewe."

"Limechujwa na mvua ngapi?"

Nilikumbuka wakati huo jambo ambalo nimelicheka mara nyingi peke yangu. Chini ya lundo lile, kuelekea mkondoni, kulikuwa na ulimi wa nyasi nene uliokuwa kijani hata katika kiangazi, na kila mbuzi wa boma alipofunguliwa alikimbilia pale. Machungwa yangu yalikuwa yameliwa na mbuzi wa shemeji miaka kumi.

Nilikaa siku nane. Mama alinifundisha upya kama msichana. Majivu ya maganda ya maharagwe, ya mabua ya mtama, ya magunzi na ya majani makavu ya mgomba ni makali. Ya kuni za kawaida ni ya wastani. Yazolewe yakiwa makavu, siku yanapopoa, na yakae chini ya paa yakiwa yamefunikwa. Yapelekwe shambani mvua ikishaanza kuloweka ardhi, yanyunyizwe pale kivuli cha mti kinapoishia, mbali na shina, na yafukiwe papo hapo. Yasichanganywe na samadi mbichi. Na yawe kidogo.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama unavyomtilia chumvi mgonjwa. Tayari umeona mti unavyokufa kwa ukarimu."

Niliporudi Mbumbuni nilitenga mitungi miwili ndani ya ghala. Jiko langu peke yake halingetosha michungwa kumi na mmoja, kwa hiyo nikasimama katika mwethya, kile chama chetu cha kusaidiana kulima, nikaomba kila mama aniwekee majivu ya maganda na magunzi, makavu, yasinyeshewe. Waliniuliza kama nimeanza kuyala. Jirani mnene alikuwa wa kwanza kuja, na debe kichwani.

"Pokea," akasema. "Zaka ya jiko. Uniombee."

"Weka ndani. Usiiache uani."

"Hata majivu sasa yanaogopa mvua?"

"Kuliko wewe unavyoiogopa," nikamjibu, nikamweleza yeye peke yake habari za chungu cha mama na za nyasi za mbuzi, naye akaliingiza debe ghalani akicheka.

Mwalimu wa kilimo alipokuja tena nilimwendea bila shemasi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya Kiswahili njia nzima. Nikamweleza habari za magadi. Akafunika uso kwa mkono.

"Mama, nilisema mawe. Sikusema magadi."

"Kwa Kikamba ulisema magadi."

"Mimi sijui Kikamba."

"Ndiyo sababu," nikamwambia.

Alitembea nami hadi shambani, viatu vyake vikachafuka, nami nikaanza kumheshimu. Aliutazama mti uliokauka. Kisha akashuka mkondoni, akaokota jiwe lenye magamba yanayometa kama ya samaki, akaligonga kwa jingine, magamba yakatawanyika kiganjani mwake. Akasema potashi ya mawe imo humo, katika hayo yanayometa na katika yale mawe magumu yenye madoa ya waridi, lakini jiwe haliachi kitu upesi. Linapaswa kuwa vumbi, lilale katika shimo la mboji, lisumbuliwe na samadi na minyoo kwa muda mrefu.

"Muda gani?"

"Majivu utayaona baada ya mvua mbili. Vumbi hili labda ulione ukiwa mzee."

Wakati huo akina mama walikuwa wakiponda kokoto za kujengea kivuko cha barabara yetu, na pale walipoketi palibaki vumbi la mawe hayo hayo. Nikaenda na ufagio na kiondo. Waliniita mwizi wa vumbi, wakaniuliza kama mume aliniachia nyumba bila sakafu. Nilifagia kila kitu, nikatia katika mboji tabaka kwa tabaka. Leo mimi ni mzee, kama alivyosema. Sijui michungwa inasimama kwa majivu au kwa vumbi lile. Sijawahi kuacha mojawapo ili nijue, na sitaacha.

Mvua ya tatu nilinyunyiza kama nilivyofundishwa. Majani mapya yalitoka na kingo nzima. Yale ya zamani hayakupona. Yalianguka yakiwa na makovu yake. Matunda yakaanguka bado, lakini machache kuliko zamani, na hilo nililiona mimi tu kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikiyaokota. Sikumwambia mtu. Mvua ya nne nikanyunyiza tena, nikihesabu kila konzi.

Mvua hiyo ilipopita na matunda kukomaa, shemeji alikuja asubuhi, shoka begani, kama alivyosema. Mtu yule alitimiza maneno yake yote, ya kupendeza na yasiyopendeza. Nilimfuata. Alipita safu ya chini, akiinua matawi kwa mpini wa shoka na kuyaachia. Yalikuwa mazito. Hayakuwa machungwa ya kupeleka maonyeshoni. Mengine yalikuwa bado madogo, na miti miwili ya mwisho ilikuwa dhaifu. Lakini yalikuwa yameshikilia. Akachuma moja, akalikata kwa ncha ya shoka, akala akiwa amesimama, maji yakimtiririka hadi kiwiko. Akatema mbegu. Akachuma la pili.

"La kwanza halikukuambia?" nikamwuliza.

"Ninahakikisha," akasema, akaendelea kula.

Alipomaliza akajipangusa mikono kwenye suruali na kulitazama shoka, kama mtu aliyebeba kitu cha mwenziwe. Sikutaka arudi nalo bure mbele ya watoto wake. Na kulikuwa na kazi ambayo nilikuwa nimeiahirisha mwaka mzima, kwa kuwa mikono yangu ilikataa.

"Shemeji, kata ule," nikamwambia, nikamwonyesha mchungwa wa kwanza wa safu ya juu, mti wangu wa magadi. Ulikuwa mkavu hadi matawi yake yakawa yakilia yanapogusana.

"Huo ndio marehemu alioanza nao."

"Najua. Kata."

Aliukata vizuri, chini kabisa, na hakufanya mzaha. Tukaukokota hadi uani, tukauchoma siku ile ile, matawi na shina, mpaka ukawa duara la majivu meupe. Nikamwambia tungoje yapoe. Tuliketi, nikampa uji. Hakuuliza nangoja nini, nami sikumweleza; mambo ya mama yangu nilikuwa sijamsimulia.

Alasiri upepo ukageuka na wingu likainuka upande wa milima ya Mbooni, mvua ya msimu usio wake. Nilikuwa ndani nikitafuta mfuniko wa mtungi. Nilipotoka, shemeji alikuwa amechuchumaa juu ya majivu, akiyazoa kwa mikono miwili na kuyatia katika karai, upesi upesi, nywele zake zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Tone la kwanza lilipoanguka aliinua karai, akalifunika kwa koti lake, akanipita mlangoni.

"Sogea," akasema. "Mvua isije ikawalisha mbuzi tena."

Kumbe jirani yangu mnene alikuwa amekwisha kumpa habari zote.